Mtoto wa Nakuru Akienda Bunyore kwa Krismasi

Tarehe 19 Desemba, Nakuru

Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Bunyore, kaunti ya Vihiga. Mizigo imejaa sebuleni: nguo za watoto, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, viatu vipya vya Kukhu, nyanya ya watoto. Kando kuna mfuko mmoja ninaoupanga mwenyewe na sitaki mtu mwingine auguse. Humo mna neti mbili zilizotiwa dawa, kamba ya katani, misumari, kipimajoto, pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), tembe za zinki, parasetamoli, sabuni, na dawa zote za Senge, shangazi ya mume wangu mwenye kisukari.

Mimi ni muuguzi. Kila Januari, shule zikishafunguliwa, huletewa watoto wenye homa waliokuwa kwao magharibi kwa Krismasi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi yetu haimfai mbu wa malaria wala vimelea vyake, kwa hiyo mtu asiyesafiri ni nadra kuugua. Tunashukuru, lakini maana yake ni kwamba watoto wetu wanakua bila kinga yoyote ya ugonjwa huo. Binamu zao wa Bunyore wameumwa na mbu tangu wazaliwe, na miili yao imejifunza kidogo kidogo kupambana. Tena wadogo wao wengi wamechanjwa: Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria Septemba 2019 katika kaunti za magharibi zenye malaria nyingi, Vihiga ikiwemo. Wetu hawakuchanjwa, kwa sababu huku Nakuru haitolewi. Kwa hiyo mtoto wa Nakuru huenda kwa nyanya yake akiwa mgeni mbele ya malaria, sawasawa na mtalii aliyeshuka kwenye ndege jana.

Na watu wazima wasijidanganye. Senge alizaliwa na kulelewa huko, lakini ameishi Nakuru miaka mingi. Kinga ya malaria si ya kudumu; ukikaa mbali na mbu inapungua. Wapo wanaume wanaosema, "Mimi ni wa huko, malaria haiwezi kunilaza." Nimewawekea dripu.

Watoto tumewapeleka kwa daktari wiki hii. Amewaandikia tembe za kinga za kumezwa kila siku kulingana na uzito wao, kuanzia siku moja kabla ya kufika hadi siku 7 baada ya kuondoka. Ni ghali, na najua jamaa wengi hawataziweza. Daktari mwenyewe alisisitiza kwamba hata anayezimeza alale ndani ya neti, na akipata homa apimwe.

Jirani yetu mjamzito anasafiri kwenda Siaya. Amekuja jioni kuuliza kama naye anywe kitu. Wajawazito wa kule hupewa dawa ya kinga kliniki, wa Nakuru hawapewi, na si dawa zote zinamfaa mwenye mimba. Nimemwambia aende kliniki yake kesho kabla hajapanda gari, aseme waziwazi anakoenda. Kwa kemisti asiguse kitu.

Tarehe 20 Desemba, njiani

Tumepanda matatu ya kwanza. Nauli imepanda kama kila Desemba, lakini ni afadhali kulipa na kusafiri mchana kuliko kungoja gari la usiku lenye dereva ambaye hajalala tangu juzi. Kabla ya kuketi nimejaribu mikanda ya viti vyetu vyote. Mmoja haukufunga, tukahama.

Dawa za Senge ziko mapajani mwangu. Insulini haipandi kwenye keria wala haiingii buti. Joto la buti la gari lililosimama juani linaiharibu, na ikishaharibika hakuna dalili unayoweza kuitegemea kwa macho. Utadunga sindano kama kawaida huku sukari ikizidi kupanda. Chupa ambayo imeanza kutumika huweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, ilimradi mahali penyewe pawe na ubaridi.

Baada ya Salgaa barabara inaanza kupanda. Sachangwan watu hunyamaza. Ni hapa, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 100. Mbele, tukiisha kukunja Mau Summit, tunapita Londiani Junction, ambapo lori liliwavamia watu sokoni na kando ya barabara tarehe 30 Juni 2023 na kuua zaidi ya 50. Dereva wetu akataka kulipita trela kwenye kona. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akapaza sauti: "Dereva, tuna watoto humu!" Abiria wengine wakamuunga mkono, na kijana wa watu akapunguza mwendo bila ubishi hadi Kericho. Nimemheshimu mama yule. Mtu hubeba dawa za kila ugonjwa, kisha anaogopa kumwambia dereva neno moja.

Kitindamimba ametapika mara moja karibu na Kipkelion. Nilimsogeza mbele, nikamfungulia dirisha, nikampa maji funda kwa funda, akatulia. Kericho tulishuka wote. Senge nilimtembeza huku na huku, kwa sababu miguu yake huvimba akikaa muda mrefu, na mwenye kisukari hatakiwi kupuuza miguu. Akala mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu tulichotoka nacho nyumbani. Saladi na nyama zilizokatwakatwa zinazouzwa pale wazi sikuzigusa.

Kisha ni kuteremka tu. Chai inaisha, miwa inaanza, na kufikia Ahero hewa imekuwa nzito. Mashamba ya mpunga ya Kano yamejaa maji pande zote. Watoto walivua sweta wakashangilia joto. Mimi nilikuwa nikiyaangalia yale maji yaliyotuama.

Tarehe 21 Desemba, Kisumu

Tumelala kwa binamu ya mume wangu, Migosi. Kila kitanda kina neti, hata cha wageni. Watu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa.

Mchana tulikwenda Dunga kula samaki. Ngege wa kukaanga aliyetoka motoni sasa hivi, ugali, na sukuma: hapo sina wasiwasi. Watoto walipoomba kuingia majini, jibu lilikuwa hapana. Kichocho kiko Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa ukingoni penye magugu, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Si lazima uyanywe maji. Kutumbukiza miguu kunatosha. Kifunguamimba akasema mbona wale watoto wengine wanaogelea. Nikamjibu kwamba huku kuna miradi inayowapa watoto dawa ya kichocho shuleni, na hiyo yenyewe inaonyesha tatizo lilivyo. Tukawatazama wavuvi tukiwa kwenye daraja la mbao.

Tarehe 22 Desemba, Luanda na kijijini

Tumepita Maseno, watoto wakaona kibao cha ikweta, na mara tukawa Luanda. Kutoka hapo ni bodaboda. Nilikataa watoto wawili na mizigo kupakiwa kwenye pikipiki moja, tukakodi tatu. Kukhu alikuwa langoni. Mulembe, mulembe, machozi, kisha chai.

Sasa niseme jambo ambalo sijaliona kwenye mabango ya kampeni za malaria. Nyumba ya Kukhu ina neti. Zililetwa na serikali, na zimefungwa vizuri juu ya vitanda vyote vya vyumbani. Lakini Krismasi vitanda hivyo ni vya wazee na wageni wa heshima. Watoto hulala sebuleni. Makochi husukumwa ukutani, magodoro na mito hutandazwa chini, na wajukuu hujipanga hapo, wa Nakuru, wa Nairobi na wa hapahapa, wakipiga stori hadi usingizi uwachukue. Juu yao hakuna neti. Yaani wasio na kinga ndio wanaolala mahali pasipokingwa, katika nyumba ambayo ukiulizwa utasema neti zipo.

Kwa hiyo kabla ya jua kuzama nilitoa misumari. Mume wangu alipigilia miwili kwenye boriti juu ya kalenda, mmoja kwenye fremu ya dirisha, mmoja juu ya mlango wa jikoni. Tukapitisha kamba ya katani kutoka msumari hadi msumari na kuning'iniza neti zetu mbili zikipakana. Ni za mstatili. Za duara zisingefunika magodoro yaliyounganishwa. Zikishuka, pindo lake lazima liingie chini ya godoro pande zote, si kuachwa likielea sakafuni, kwa maana mbu hutafuta hapohapo. Upande wa mlangoni niliacha pindo refu la kuingilia, nikamkabidhi mjukuu mkubwa kazi ya kulikunja kila baada ya mtu kutoka kwenda haja. Ameipokea kazi hiyo kwa uzito wote. Mto ulioshika ukingo wa neti niliusogeza katikati: mkono au goti likigusana na neti usiku, mbu huweza kuuma akiwa nje.

Kukhu alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake. Niliogopa atadhani nadharau nyumba yake. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na neti mpya kwenye mfuko wake, haijafunguliwa. "Hii nilikuwa naiweka," akasema. "Weka na hii upande ule wa wavulana."

Insulini ya Senge imepata makao. Kukhu ana vyungu viwili. Kidogo kimeingia ndani ya kikubwa, katikati tumejaza mchanga uliolowa, na chupa imewekwa kwenye chungu kidogo ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kitambaa chenye maji kikafunika juu. Tumekisimamisha kivulini, mahali penye upepo. Mchanga ukikauka tunaongeza maji.

Tarehe 24 Desemba

Kesha kanisani. Mbu wa malaria huuma usiku, tangu giza linapoingia hadi alfajiri, na kesha ni saa hizo hasa. Watoto wamevaa suruali ndefu, soksi na mikono mirefu, na nimewapaka mafuta ya kufukuza mbu vifundoni na shingoni. Nyimbo zilikuwa tamu mno.

Tarehe 25 Desemba, Krismasi

Senge hudunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Sehemu moja ya dawa hiyo hufanya kazi upesi, nyingine polepole hadi alasiri. Maana yake ni kwamba aliyedunga asubuhi ana deni la chakula cha mchana, na deni hilo halingoji wageni.

Ibada iliisha saa nane. Tulipofika nyumbani kuku walikuwa bado wananyonyolewa, chapati zinasukumwa, na wageni wanazidi kuingia. Nilimpelekea Senge kiazi kitamu na chai ya maziwa. Akakisukuma pembeni. Yeye ni mzee wa boma hili, dada ya marehemu baba mkwe. Hawezi kuanza kutafuna peke yake huku wageni wametazama. "Tutakula pamoja, mwanangu." Nilisisitiza, akatabasamu tu.

Saa tisa na nusu nikaona amenyamaza. Senge hanyamazi. Paji la uso lilikuwa na jasho ilhali yuko kivulini, na kikombe kilikuwa kinacheza mkononi. Nikamchoma kidole palepale: 3.1. Chini ya 4 ni sukari iliyoshuka. Nikampa nusu glasi ya soda ya kawaida, isiyo ile ya bila sukari, nikaitazama saa, na baada ya dakika 15 nikapima tena: 4.6. Hapo ndipo akakubali kiazi, kwa sababu soda peke yake humwinua mtu na kumwacha aanguke tena.

Kukhu alifuata yote hayo kwa macho. Alisimama mlangoni mwa jiko akatangaza kwa Kinyore na kwa Kiswahili, wageni wote wasikie, kwamba katika boma lake mgonjwa anakula kwanza, na asiyependa akae na njaa yake. Watu wakacheka, na wazee wengine wawili wakajitokeza kuomba chochote, wa sukari na wa presha, ambao walikuwa wameona haya kama Senge. Mimi nikiongea wiki nzima nisingepata matokeo hayo. Heshima iliyowafunga ilifunguliwa na mwenye nyumba.

Chakula kilipokuja kilikuwa cha moto, mrenda, kunde, kuku, chapati, pilau. Wavulana walizunguka na jagi la maji na beseni kunawisha wageni. Desturi hiyo ni safi kuliko beseni moja la kuchovya wote. Niliongeza sabuni tu.

Tarehe 26 Desemba

Pilau la jana lililolala sufuriani usiku kucha limewapa watoto wawili wa jamaa tumbo la kuendesha. Pakiti ya ORS kwa kipimo cha maji yaliyochemshwa kilichoandikwa juu yake, wakinywa kidogo kidogo kila baada ya kwenda haja, na zinki kila siku kwa siku 10. Dawa za kufunga tumbo nimezikataa. Jioni walikuwa wanakimbiza kuku.

Tarehe 28 Desemba

Binamu wa watoto, mvulana wa hapa kijijini, ameamka na joto: 38.9. Mama yake hakuuliza mtu. Alimtuma kaka yake kwa mhudumu wa afya ya jamii, nyumba ya tatu kutoka hapa, naye akaja na mkoba wake kabla chai haijachemka. Alivaa glavu, akachoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kipimo, matone ya maji yake yakafuata, akaweka simu mezani kuhesabu dakika. Tulipiga soga ya bei ya mahindi. Mistari ikawa miwili: malaria.

Alimpa dozi ya kwanza ya AL, tembe za kutibu malaria, akiwa ameshakunywa uji wa maziwa, kwa kuwa dawa hii huingia mwilini vizuri ikifuatana na chakula chenye mafuta. Ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, dozi 6 kwa jumla. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudiwe. Mama aliyasema yote hayo pamoja naye, neno kwa neno, kama sala. Kutoka homa kuonekana hadi dawa kumezwa hazikupita saa mbili.

Nilikuwa nimekaa pale nikiwaza kituo chetu cha Nakuru. Homa kama hii ikitokea mtaani kwetu, jambo la kwanza ni mafua. La pili ni mafua makali. Kijiji hiki kinaitambua malaria mlangoni. Sisi wa mjini huitambua mtoto akishaanza kupoteza fahamu.

Tarehe 2 Januari, kurudi

Njia ileile, polepole zaidi, magari yamejaa. Mwaka mpya ulipita kwa amani. Watoto wako salama na tembe zao zinaendelea hadi tarehe 9. Kwenye kalenda ya jikoni nimezungushia kalamu nyekundu mwezi wote wa Januari. Malaria kali mara nyingi hujitokeza wiki moja hadi nne baada ya kuumwa na mbu, mara chache hata miezi mitatu, kwa hiyo joto lolote katika miezi hiyo mitatu ni la kupimwa siku hiyohiyo. Nimewaandikia walimu wa darasa wa watoto wote wawili, nikiwaeleza tulikokuwa, ili mtoto akilegea darasani wanipigie simu badala ya kumlaza ofisini.

Tarehe 13 Januari, kazini

Mvulana wa miaka mitano, homa ya siku tatu. Mama yake amemnunulia dawa ya kikohozi mara mbili. Hana kikohozi. Macho yamelegea na anataka kulala tu.

"Mlikuwa wapi Krismasi?"

"Butere, kwa nyanyake. Lakini tulirudi zamani, zaidi ya wiki."

Kipimo kikatoa mistari miwili. Kwa sababu ya ule usingizi, na kwa sababu hakuweza kubakiza hata maji tumboni, hatukumrudisha nyumbani na tembe. Amelazwa, ameanzishiwa sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, na kufikia saa kumi jioni alikuwa ameomba chai. Mama amekaa kando ya kitanda akirudiarudia kwamba binamu zake wote wako sawa. Nimemweleza kwa nini wao wako sawa.

Kabla ya kutoka zamu nimechukua karatasi na kalamu nene, nikaandika MLIKUWA WAPI KRISMASI?, nikaibandika mbele ya meza ya kupimia joto, mahali ambapo mzazi na muuguzi wataisoma wote wawili. Mkuu wa zamu ameniuliza ikae hadi lini. Nimemwambia hadi mwisho wa Machi.